Picha ya Biharusi na Sitara Yake

Biharusi akishasingwa, akapakwa hina na kufukizwa udi, hutamani picha ya kumbukumbu. Sisi hujiuliza: nani ataiona kabla haijamfikia? Picha ya simu husambaa mara moja. Filamu nayo, ukiipeleka kusafishwa, hupita mikononi mwa wanaume usiowajua.

Ndipo tukaamua kujifunza kusafisha wenyewe, wanawake peke yetu, picha nyeusi na nyeupe.

Tumeziba madirisha ya chumba cha uani na kuwasha taa nyekundu, kwani mwanga huo hauichomi karatasi. Mashine ya kukuzia humulika negativu juu ya karatasi kwa sekunde chache, nayo hubaki nyeupe vile vile. Ikizamishwa kwenye dawa ya kwanza, uso wa biharusi hujitokeza pole pole: kwanza nyusi na wanja, kisha tabasamu. Hufuata dawa ya kusimamisha, ya kuifanya picha idumu, halafu maji mengi. Dawa ya kwanza hutaka nyuzi 20 hivi za joto, kwa hiyo kwa joto letu beseni hukaa ndani ya jengine lenye barafu.

Hina nyekundu hutoka kijivu, basi mwache biharusi akae nayo mpaka ikolee.

Tukimaliza, picha na negativu zote tunamkabidhi mwenyewe. Kwetu haibaki hata moja. Atamwonyesha amtakaye: mumewe, mama yake, na in shaa Allah, binti yake.

Allah atudumishie sitara. Amin.