Haki ya Msafiri Katika Uwanja wa Ndege



Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa safari ni sehemu ya adhabu, kwani humzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Wazee wetu wa pwani waliyajua hayo kabla ya ndege kuwako. Aliyetaka kwenda Hija kwa jahazi alingoja kaskazi imalizike na kusi ianze kuvuma, ndipo nahodha atweke tanga kuelekea Uarabuni. Ulikuwa ungojeaji wa miezi, na baharini kulikuwa na shwari, dhoruba na maradhi. Lakini abiria wa zama zile alikuwa na jambo moja ambalo msafiri wa leo aghalabu hana: nahodha alikuwa naye chomboni. Upepo ukikatika, umewakatikia wote. Abiria akiuliza wataondoka lini, alijibiwa na mtu anayeijua bahari, ambaye naye alikuwa na haja ya kufika.

Leo safari ya kutoka Nairobi hadi Jedda ni ya saa nne hivi. Tabu tunayoisikia kwa mahujaji na wafanya Umra wetu si ya angani tena, ni ya pale kaunta, kabla ya mtu kuiona hiyo ndege. Tunaandika makala haya kwa ajili ya familia zinazojiandaa kwa safari hiyo, hasa mama zetu na dada zetu, ili wajue ni lipi la kustahamiliwa na ni lipi la kudaiwa.

Katika mwezi wa Shaabani, si miaka mingi iliyopita, tulitoka Mombasa watu 14 kwenda Umra. Alikuwamo bi mkubwa mmoja wa Likoni, aliyepita miaka 70, magoti hayamchukui tena. Alifuatana na bintiye, ambaye kwa miaka sita alikaanga mahamri asubuhi na viazi vya karai jioni, akiweka akiba kidogo kidogo hadi ikatimia nauli ya watu wawili. Siku ya safari walivuka feri mapema, wakakata kisiwa, wakapita Makupa na Changamwe hadi Port Reitz, ulipo Uwanja wa Ndege wa Moi. Jamaa waliokuja kuwaaga walikuwa wengi kuliko wasafiri. Kila mmoja alikuwa na dua ya kumwagiza bi mkubwa akaiombe mbele ya Al-Kaaba: huyu apate mtoto, yule mumewe apone, mwingine deni lilipike. Naye alizipokea zote kwa kichwa, hakuandika hata moja.

Tulifika Nairobi salama. Ndege ya Jedda ilikuwa iondoke saa mbili za usiku, nasi tulikuwa kwenye foleni tangu saa kumi za alasiri. Watu kumi wakapewa pasi zao za kupandia ndege, bi mkubwa akiwa miongoni mwao. Ilipofika zamu ya binti yake, kijana aliyekuwa kwenye kompyuta akabonyeza, akatazama, akabonyeza tena, kisha akasema, "Mfumo umekataa." Tukauliza umekataa nini. Akajibu kuwa ndege imejaa. Tukamwonyesha tiketi, zilizolipwa kamili miezi mitatu nyuma. Akatuambia tusimame kando tungoje. Tuliowekwa kando tulikuwa wanne: binti huyo, mzee mmoja wa Kisauni, kijana mwanafunzi, na sisi tunaoandika.

Tulisimama hapo kwa muda wa saa sita. Mwenye kiti cha magurudumu alikuja kukidai kiti chake, kwa hoja kwamba kazi yake ni kumfikisha abiria mlangoni, na bi mkubwa haendi mlangoni. Magharibi ikaingia, na msala tulioelekezwa ulikuwa ng'ambo ya ukaguzi, ambako asiye na pasi hapiti. Kina mama wakatandika kanga sakafuni, wakasali kwa zamu, mmoja akilinda mizigo. Mama mmoja mfanya usafi, asiyekuwa wa dini yetu, akatoa kiti cha plastiki stoo kwake akamkalisha bi mkubwa, akamletea na maji. Hatumjui jina, na tunamwombea kheri hadi leo.

Katika muda huo tulipewa majibu matatu na watu watatu wa shirika moja. Wa kwanza alisema tiketi zetu hazikuthibitishwa. Wa pili akasema imeletwa ndege ndogo kuliko iliyopangwa. Wa tatu akasema tumechelewa kufika. Bi mkubwa aliposikia kuwa yeye ana nafasi na mwanawe hana, alikataa kwenda. Nafasi yake akapewa yule kijana mwanafunzi. Baadhi ya wenzetu wakamsihi asubiri, Mwenyezi Mungu yu pamoja na wenye kusubiri. Akawajibu kwa upole, "Kungoja nangoja. Miaka sita nimengoja, sishindwi na usiku mmoja. Lakini na waniambie nangoja nini."

Neno hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Wengi wetu tumezoea kudhani kuwa subira ni kunyamaza. Anayedai haki yake kaunta huonekana hana imani, na mwanamke akiuliza mara mbili huambiwa ana mdomo. Sivyo tulivyofundishwa madrasa. Subira ni kuuzuia moyo usikate tamaa na ulimi usitoke katika adabu. Haimaanishi kumwachia mtu haki yako bila kuiuliza.

Ilipofika saa nne za usiku, ndege ikiwa imekwenda zake, alitokea msimamizi. Tulimwomba atuandikie sababu ya kuachwa, akakataa. Basi tukachukua karatasi tukaandika wenyewe: majina yetu, nambari za tiketi, saa tuliyofika, na yale majibu matatu. Tukamwomba aweke sahihi tu kwamba ameipokea. Hatukupaza sauti. Haikupita nusu saa ila tulikuwa tumepewa chakula, hoteli ya kulala, na nafasi katika ndege ya usiku uliofuata. Yote hayo yaliwezekana tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu wa kuyasema.

Msomaji atauliza: yawezekanaje tiketi iliyolipwa ikawa haina kiti? Mashirika ya ndege yana desturi ya kuuza tiketi nyingi kuliko viti. Hesabu yao ni kwamba katika kila safari wako abiria wasiotokea, na kiti kitupu ni hasara isiyorudi. Hesabu hiyo huenda ikawafaa kwa wafanyabiashara wanaobadilisha safari kila wiki. Kwa wafanya Umra inakosea, maana mtu aliyeweka akiba ya mahamri miaka sita hakosi kutokea. Ramadhani inapokaribia hutokea wote, na viti ni vilevile.

Katika sheria yetu, tiketi ni akdi ya ijara: mmoja ametoa mali, mwengine ameahidi manfaa yanayojulikana, kwa wakati unaojulikana. Manfaa hayohayo hayauzwi kwa watu wawili kwa wakati mmoja. Qur'ani imetuamrisha kutimiza mikataba, na katika Sura ya Al-Mutaffifiin imewakemea wanaotaka kipimo kamili wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Tuitazame kaunta kwa mizani hiyo. Begi la kilo 23 likizidi kilo moja, abiria hulipishwa au hufunguliwa mzigo mbele za watu. Akichelewa dakika kumi, huambiwa kaunta imefungwa. Lakini saa sita za bi mkubwa hazikupimwa na mtu yeyote.

Mataifa mengine yameliwekea jambo hili mpaka. Marekani, mwanasheria Ralph Nader aliachwa na ndege mwaka 1972 ilhali ana tiketi, na kesi yake ikafika Mahakama ya Juu mwaka 1976. Haikuchukua muda mrefu, serikali ya huko ikayaamuru mashirika yaulize kwanza ni abiria gani yuko radhi kubaki kwa malipo, kabla ya kumwacha mtu kwa nguvu. Umoja wa Ulaya nao, kwa kanuni nambari 261 ya mwaka 2004, umeweka sharti hilo, pamoja na chakula, malazi, na fidia ya baina ya yuro 250 na 600 kulingana na umbali. Wenye jamaa Ulaya wawajulishe, maana kanuni hiyo humlinda kila anayepanda ndege katika nchi za Umoja huo, liwe shirika la wapi.

Hapa kwetu pia hatukuachwa bila ya kitu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, haki ya kupewa maelezo anayoyahitaji, na fidia ya hasara inayotokana na kasoro ya huduma. Hayo maelezo ndiyo hasa aliyoyadai bi mkubwa. Iko pia Sheria ya Kuwalinda Wateja ya mwaka 2012, na Kenya imo katika Mkataba wa Montreal wa 1999, unaolibebesha shirika dhamana ya hasara ya ucheleweshaji katika safari za kimataifa, ila likithibitisha kuwa lilifanya kila linalowezekana kuizuia. Kwa mkataba huo, begi lililoharibika hushitakiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea, na mlango wa mahakama hufungwa baada ya miaka miwili. Shirika lisipokusikiliza, malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya.

Kwa hivyo tunawausia wasafiri mambo machache. Familia inunue tiketi zake chini ya nambari moja ya nafasi, ili mfumo usimtenge mama na mwanawe kama watu wasiojuana. Kiti cha magurudumu kiombwe siku ya kununua tiketi, kisingojewe uwanjani. Dawa, ihramu na nguo ya kubadili ziwe katika mkoba wa mkononi. Dada anayetakiwa kukaguliwa ana haki ya kuomba askari mwanamke na mahali pa faragha. Aombe kwa utulivu, wala asione haya. Na anayeachwa aombe maandishi, na asitie sahihi karatasi asiyoisoma, huenda ikawa ya kusamehe haki yake.

Kuhusu ibada, wanaume wanaweza kuvaa shuka za ihramu kabla ya kupanda, lakini nia icheleweshwe hadi ndege ikaribie miiqati. Asiyenuia, akiachwa na ndege, hana lililomfunga. Mwenye hofu ya kuzuiwa, kama mgonjwa, aweke sharti katika nia yake kwamba atatoka katika ihramu pale atakapozuiwa, kama Mtume (s.a.w.) alivyomfundisha Dhubaa binti Zubayr, alipokuwa mgonjwa naye ana hamu ya kuhiji. Na kwa sala, msafiri aliyekwama ana ruhusa ya kukusanya na kupunguza. Wanavyuoni wetu wa Kishafi wamemruhusu anayengojea haja asiyojua itatimia lini apunguze hadi siku 18. Tazama jinsi sheria ilivyomjali mtu aliye katika hali ya kutojua. Imeihesabu kuwa ni uzito unaostahiki kuhafifishiwa.

Tusisahau na upande wa pili. Kijana wa kaunta aghalabu ni mwajiriwa wa mkataba, hakuuza tiketi ya ziada wala hana mamlaka ya kuongeza kiti, na matusi yote humwangukia yeye. Tumewaona wenzetu wakivunja foleni, wakirusha maneno, wakimwita kafiri mtu ambaye kosa lake ni kukaa mbele ya kompyuta. Haki ikidaiwa kwa lugha hiyo, hupotea pamoja na thawabu ya safari.

Nalo neno la mwisho ni kwa mawakala wetu wa Hija na Umra, ndugu zetu tunaosali nao safu moja. Ninyi ndio mliopokea pesa za mahamri. Siku ile simu ya wakala wetu iliita hadi ikakatika, hata asubuhi ikafika. Mpeni msafiri nambari itakayopokewa usiku, mthibitishe nafasi zake kabla hajaondoka nyumbani, na ndege ikibadilishwa mwambieni ukweli kabla hajavuka feri. Pesa ya Umra ni amana hadi mwenye kuitoa atakapoiona Al-Kaaba. Bi mkubwa wa Likoni aliiona, usiku mmoja baada ya wenziwe, akasimama mlangoni mwa msikiti akazitaja dua za watu mmoja mmoja, asisahau hata moja.

Mwenyezi Mungu awafikishe wote walio njiani, na awarejeshe kwa ahali zao salama.

Wabillahi tawfiiq.