Njano ya Urujuani wa Amani

Mama mmoja anayeuza viungo Mtaa wa Tandamti, pembeni ya Soko Kuu la Kariakoo, ndiye aliyeniambia kwamba kwao Muheza, juu kwenye msitu wa Amani katika milima ya Usambara, kuna urujuani wa porini wenye njano. Nilimuuliza mara mbili. "Njano ipo, mwanangu, nimeiona kwa macho yangu. Nenda."

Mimi nimekulia Mtaa wa Sikukuu. Msitu wa mlimani nilikuwa sijawahi kuukanyaga. Urujuani nilioujua ni ule wa kwenye vyungu, wenye majani manene ya manyoya, unaowekwa juu ya meza za mapokezi maofisini kule Posta. Na karibu kila niliyemuuliza alinijibu kuwa ni ua la Ulaya. Jibu hilo lilikuwa likiniuma, maana nilikwisha kusoma kwamba asili yake ni huku kwetu.

Basi la Tanga liliondoka Mbezi kabla jua halijachomoza. Segera, wa Moshi na wa Tanga wakaachana. Muheza nikashuka katikati ya machungwa. Kutoka hapo gari la Amani hupita Kisiwani hadi Sigi, kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iliyotangazwa mwaka 1997. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya enzi za Wajerumani bado ipo Sigi, kwa sababu reli ndogo kutoka Tengeni ilikuwa ikiishia pale. Baada ya Sigi ni kona juu ya kona, na hewa inabadilika. Nilivaa sweta saa saba mchana, jambo ambalo Kariakoo lisingewezekana hata Julai.

Kijana wa Kisambaa aliyekuwa mwongoza wageni alinisalimia, akanitazama viatu, akaridhika. Tulipoingia chini ya miti nilianza kupekua majani yaliyokuwa njiani. "Dada, acha udongo," akasema. "Huyu hutafutwa kwenye mwamba." Maneno hayo yalinifundisha zaidi ya picha zote nilizoziona. Urujuani wa Usambara hukaa kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, kwenye nyufa na juu ya kuvumwani, mahali ambapo mimea mirefu haipati pa kusimama. Mizizi yake ni mifupi na inatosheka na kiganja cha udongo. Jua kali likimfikia, amekwisha.

Tulimkuta karibu na kijito, kwenye ubavu wa jiwe kubwa, mikangaga ikiwa juu yake. Majani yalikuwa yamejipanga duara na kulala juu ya jiwe, kila moja lina vinyweleo vinavyoshika matone ya maji. Kijana akaniambia nisiguse, nihesabu. Petali tano: mbili za juu ndogo, tatu za chini kubwa. Nyuma ya ua hamna pembe. Hapo ndipo anapoachana na urujuani halisi wa jenasi ya Viola, ambao petali yao ya chini hujichomoza nyuma kuwa kijipembe chenye asali. Huyu wa Amani si ndugu yao. Yeye ni wa familia ya Gesneriaceae, na kilichofanana ni rangi tu.

Na njano? Ilikuwepo, palepale katikati: vifuko viwili vya chavua, vimeshikana, vinang'aa kuliko kitu chochote kwenye lile jiwe. Petali zenyewe ni buluu inayokwenda zambarau. Kwenye giza la msitu buluu ile hufifia, na jicho la mpita njia hubaki na vile vidoa viwili. Mama wa Tandamti alikuwa ameona sawasawa. Watu wa Marekani wanaozalisha maua haya kwa kuchanganya mbegu walihangaika miongo mingi kupata petali yenye njano, wakaipata mwishoni mwa miaka ya 1980. Porini petali za namna hiyo hazipo.

Kijana akanionyesha jambo ambalo nisingeligundua peke yangu. Kikonyo chembamba kinachopokea chavua hakisimami katikati. Katika ua moja kimeinamia kulia, katika jingine kushoto, kama uso na taswira yake kwenye kioo. Nyuki anayetikisa vile vifuko huondoka na chavua upande mmoja wa mwili, na ua la kuipokea ni lile lililoinama upande wa pili. Nilipiga magoti pale muda mrefu, nikitafuta wa kulia na wa kushoto.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala Mjerumani wa Tanga, aliupeleka mmea huu Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen akauita Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu waliuingiza ndani ya jenasi ya Streptocarpus. Leo vizazi vyake vinauzwa kwa mamilioni duniani. Mtu wa Usambara aliyeijua miamba hii kabla ya wote hao hayumo katika jina lolote, na mimi hilo siwezi kulipita kimya.

Tukiteremka, nilimkumbuka yule mama wa viungo, nikamwuliza kijana kuhusu iliki. Alinieleza bila kuficha. Iliki hupenda kivuli kama urujuani, kwa hiyo wakulima waliipanda ndani ya msitu wenyewe. Walifyeka vichaka vya chini, wakapunguza miti, na baada ya miaka iliki ikachoka na kivuli kikawa kimekwisha. Mwamba uliobaki juani hukauka, na kilichoota juu yake hukauka nao. Baba yake alilima hivyo. Sasa familia ina mdalasini, na pilipili manga iliyopandishwa kwenye miti ya karibu na nyumba.

Stendi ya Muheza nilikuta magunia ya viungo yakipakiwa kwenye buti la basi la Dar. Nilimwuliza mwenye mzigo iliki yake imelimwa wapi. Alishangaa kidogo, kisha akasema ni ya shambani kwake, chini ya mikarafuu aliyoipanda mwenyewe, nje ya mpaka wa hifadhi. Nilinunua kilo moja palepale kabla gunia halijafungwa.