Rungu la Kimana

Kila kamusi ya Kiswahili hukuambia kwamba rungu ni fimbo fupi yenye kichwa kinene. Mimi nililijua neno hilo kabla ya kufungua kamusi yoyote. Ilikuwa mwishoni mwa Januari 2008, nikiwa na umri wa miaka tisa, mtaani Kaptembwa, Nakuru. Tulilala chini ya kitanda, mama, dada yangu nami, tukisikiliza marungu yakigonga milango ya mabati ya majirani, mmoja baada ya mwingine. Kulipopambazuka tulikimbilia Uwanja wa Maonyesho, tukawa miongoni mwa maelfu ya wakimbizi wa ndani. Tangu siku hiyo, hata picha za Rais Moi akiwa ameshika rungu lake la heshima zilinitia baridi, nami sikuthubutu kumweleza mtu.

Kwa hivyo mwenzangu wa darasani aliponialika Desemba 2022 twende Kimana, karibu na Amboseli, kutazama michezo ya Wamaasai, nilitafuta visingizio vya kila namna. Visingizio vikaisha. Mjomba wake alikuwa na Nissan, matatu iliyokwisha kustaafu, ambayo viti vyake vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa pakatiwa godoro, jiko la gesi na mtungi wa maji. Ndiyo iliyokuwa nyumba yetu, sisi watu watatu. Usiku wa kwanza tulilala Emali, malori yakinguruma hadi asubuhi. Sitasema zaidi, ila godoro lenyewe lilikuwa la watu wawili.

Kutoka Emali kuelekea kusini, mizoga ya ng'ombe ilitapakaa kandokando ya barabara. Mvua zilikuwa zimekataa msimu baada ya msimu. Garini hakuna aliyenena neno. Nilijiuliza moyoni: watu waliopoteza mifugo kiasi hiki wana hamu gani ya michezo?

Michezo hiyo ilianza mwaka 2012. Wazee walitaka kitu cha kushika nafasi ya olamayio, uwindaji wa simba ambao kwao kijana alithibitisha ushujaa wake, maana simba walikuwa wamepungua mno. David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800, ni mlezi wake. Vijana wa manyatta mbalimbali hushindana kwa mbio, kwa kurusha mkuki, kwa kuruka wima hadi kichwa kiguse kamba iliyotundikwa juu, na kwa kulenga shabaha kwa rungu. Wasichana nao hukimbia. Manyatta inayoibuka mshindi huzawadiwa fahali. Fahali, katika mwaka ule wa mizoga! Swali langu la barabarani likanitia haya.

Mimi, kama kawaida yetu wanafasihi, nilikuwa nimebeba daftari ili ninakili majigambo. Zamu ya marungu ilipowadia, nilijikuta nimerudi nyuma hadi nje ya umati. Aliyeumwa na nyoka, walinena wahenga, akiona unyasi hushtuka. Mzee mmoja aliyeketi kigodani akanitazama.

"Kijana wangu, mbona unakimbia? Hayarushwi upande huu."

"Shikamoo, mzee. Mimi ni wa Nakuru. Mwaka 2008 nilikuwa mtoto. Tulivamiwa kwa haya."

Hakucheka. Alinyamaza kitambo, macho yake yakimfuata morani aliyekuwa akijiandaa kurusha. Kisha akasema, "Yule akimpiga mtu kwa rungu lile, mimi ndiye nitakayeulizwa. Si yeye. Mimi." Rungu likaruka, likazunguka hewani na kukosa shabaha kwa mkono mmoja hivi, umati ukaguna. Mzee akaniwekea lake mkononi. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani, na shingo yake ilikuwa imelainika kwa miaka ya kushikwa. "Orinka," akasema. Nikarudia. Akanisahihisha, nikarudia tena.

Je, sisi wa Nakuru tulikuwa na nani wa kuulizwa? Swali hilo lilinisumbua njia nzima, Emali, Mai Mahiu, Naivasha. Daftari lilirudi bila jigambo hata moja.

Nilikuwa nimenunua rungu dogo sokoni Kimana. Tulipofika nyumbani, mama alitoka kutulaki, akaliona juu ya godoro kupitia mlango wa Nissan. Alisalimia wenzangu mmoja mmoja, akawauliza habari za safari, akawakaribisha chai. Kisha akaniita kando.

"Mwanangu," akasema, "hicho kitu kiache huko huko garini."

Nikakiacha.