Kuandika Kabla ya Kuitwa Mwandishi

Wako watu wanaoandika kwa sababu wameajiriwa kuandika, na wako wanaoandika kwa sababu wasipoandika usingizi hauji. Hawa wa pili ndio wengi, nami ni mmoja wao. Hawana ofisi, hawana mshahara wa kalamu, na majina yao hayavuki mtaa wa pili. Je, ndugu msomaji, watu hawa wanapata nini? Na wanalipa nini?

Sisi wa Tanga hatukulianza jambo hili jana. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi, vile vilivyoanza Mrima mwaka 1888, bila ya kungoja kampuni ya vitabu impe ruhusa. Utenzi ule uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ukapita mkono kwa mkono. Mwaka 1904 gazeti la Kiongozi likaanza kuchapwa hapa hapa mjini, katika shule ya serikali, na walimu na makarani waliotawanyika pwani na bara wakawa wanalipelekea habari za huko waliko. Kazi yao ilikuwa kufundisha na kuandika madaftari ya ofisi. Kalamu ya gazeti waliishika kwa mapenzi. Mwaka 1923 likatoka Mambo Leo kule Dar es Salaam, na kurasa zake za mashairi zikawa kama baraza la nchi nzima.

Furaha ya kwanza ya mwandishi wa namna hii ni kujibiwa. Nilipokuwa karani wa ghala, katika miaka ya themanini, nilipeleka gazetini shairi la kuulilia mkonge, kwa kuwa bei ilikuwa imeanguka na mashamba niliyoyajua tangu utotoni yalikuwa yakiota magugu. Likatoka baada ya wiki sita. Wiki chache baadaye mtu wa Lindi, ambaye sikumjua wala sijapata kumwona, akanijibu kwa vina na mizani zile zile. Aliniuliza kwa nini ninaulilia mkonge kama mama mzazi, ilhali mkonge umewachosha watu migongo na kuwachoma mikono. Nikamjibu kwamba baba yangu alikuwa mkata mkonge. Migongo na mikono hiyo naijua, lakini sare yangu ya shule nayo ilitoka katika mafungu ya majani aliyokata. Hakukubali. Nami sikukubali. Wengine wakaingia, huyu upande wake, yule upande wangu, na malumbano yakaenda miezi minne.

Bibi mmoja jirani yetu wa Barabara ya Kumi na Mbili, ambaye hakujua kusoma, aliniita nimsomee mashairi yote mawili. Nikamwamkia, nikakaa mkekani, nikasoma. Aliponisikiliza hadi mwisho akasema, "Mwanangu, huyo wa Lindi kakushinda vina. Lakini wewe umemshinda maneno." Sijapata malipo makubwa kuliko hayo. Maneno niliyoyaandika peke yangu usiku yalikuwa yamefika Lindi, yakarudi na hoja, yakampa bibi yule jambo la kuamua.

Lakini malipo hayo hayanunui unga, na ni vizuri kusema hivyo waziwazi. Karatasi zilitaka pesa, stempu zilitaka pesa, na mafuta ya taa nayo. Siku moja mama watoto aliniuliza, bila ya ukali, "Baba Mwanaidi, hilo gazeti limekulipa nini?" Nikamwonyesha ukurasa wenye jina langu. Akautazama sana, kisha akasema, "Haya, basi tulipike." Tulicheka sote wawili, lakini swali lake lilikuwa la haki. Saa ninazoandika ni saa za nyumba yangu pia, na anayeandika hana budi kujua ni nani mwingine anayelipia kalamu yake.

Uhakika mwingine ni ukimya. Mswada wangu wa kwanza wa hadithi ulikaa kwa mchapaji mmoja miaka mitatu bila ya ndiyo wala hapana. Uliporudi, kurasa kumi na moja hazikuwamo. Bahati njema nilikuwa nimeupiga taipu kwa karatasi ya kaboni, na nakala yangu ilikuwa sandukuni. Tangu hapo kila kijana anayeniletea kazi yake namwuliza kwanza: nakala iko wapi?

Tumtazame Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Machui. Tunamtaja leo kana kwamba kazi yake ilikuwa kuandika tu. Kumbe kuanzia mwaka 1926 alikuwa karani wa forodha, Pangani ikiwa miongoni mwa vituo vyake, na baadaye akatumikia ofisi za serikali hapa Tanga. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, naye bado mtumishi wa watu. Alipofariki mwaka 1962, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilikuwa havijawa vitabu. Vyote viwili vilitoka mwaka 1968. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge zilikuja kuwa kitabu mwaka 2002, kwa sababu aliyezipokea alizitunza. Kama mkubwa wetu huyu alikufa na miswada mkononi, sisi tunaonung'unika kwa miaka mitatu tunadai nini?

Vijana wa sasa hawanunui stempu. Tangu mwaka 2004, Ndesanjo Macha alipoanzisha Jikomboe, waandishi wengi wa Kiswahili wamejichapia wenyewe katika intaneti, na jibu huja kabla ya chai kupoa. Lakini mlango huo nao una bei yake. Kanuni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu wajiandikishe na kulipa ada iliyozidi shilingi milioni moja, na wako waliofunga kwa kushindwa. Stempu ya zamani ilikuwa ghali, lakini karani wa ghala aliimudu.

Kwa hiyo kijana akiniuliza kama aandike, humwambia aandike, asiache kazi inayomlisha, na asingoje kuitwa mwandishi ndipo aanze. Amtafute msomaji mmoja atakayembishia kwa adabu, maana huyo ana faida kuliko kumi wanaosifu. Na kila anachokiandika, akiandike mara mbili: nakala moja aipeleke kwa watu, ya pili aiweke mahali ambapo hata wajukuu wataikuta.