KISURA ALIGOMA KUVUKA MFEREJI, MCHAWI NI MIMI

Mpenzi msomaji, wiki hii naomba tuachane kidogo na habari za nani kamchukua bwana wa nani. Leo nina habari za punda. Ndiyo, punda. Usicheke, wala usikimbilie ukurasa wa michezo, maana kisa chenyewe kinanihusu mimi na hakinipi sifa hata kidogo.

Mimi ni mtoto wa Soweto, hapa hapa Moshi mjini. Kidato cha nne nimemaliza, matokeo tuyaache kama yalivyo, na hela ya makala inakuja kwa kusuasua kama mgonjwa wa mguu. Kwa hiyo nikikaukiwa huwa napanda Uru kwa mjomba, ndugu yake mama, nikamsaidie kazi naye anitoe kwa chochote. Kazi kubwa kule ni chakula cha ng'ombe. Kihamba chote ni migomba na kahawa, pa kuchungia hakuna, ng'ombe anakaa bandani analetewa kama bwana harusi. Mabua ya mahindi yanatoka mashamba ya tambarare huko chini, yanapanda na gari hadi barabara inapoishia. Kuanzia pale ni njia ya mguu, na njia ya mguu ni kazi ya Kisura.

Kisura ni punda jike, rangi ya majivu, ana macho ya sista duu. Katikati ya barabara na kwa mjomba kuna mfereji, ile mifongo waliyoichimba mababu kabla hata Wajerumani hawajaiona Moshi. Juu yake kulikuwa na daraja la magogo mawili ya mgrevilea yaliyopigiliwa mbao.

Basi bwana. Jumamosi moja ya mwezi wa nane mwaka jana, mjomba akaniambia nifanye safari mbili. Mimi jioni ile nilikuwa na miadi mjini na msichana mmoja wa Pasua, mtoto bomba ile mbaya. Nikapiga hesabu za haraka: safari mbili za nini? Nikapakia mabua yote kwa mkupuo, na gunia la pumba juu. Kisura akanitazama. Nikampiga fimbo ya makalio, tukaondoka.

Katikati ya daraja ubao ukalia kwaa. Mguu wa nyuma ukazama hadi juu ya goti, mzigo ukamlalia upande. Alipiga kelele ambayo mpaka leo nikiikumbuka nywele zinanisimama. Wanaume wanne wakaja na panga, wakakata kamba, wakamtoa. Mjomba alipofika akazilaani zile mbao, akamlaani fundi aliyezipigilia. Mimi nikazilaani pamoja naye, tena kwa sauti kubwa kuliko yeye. Miadi nikawahi. Yule mtoto, kwa taarifa yako, hakutokea.

Jeraha la mguu lilipona. Daraja likatengenezwa upya, imara kabisa. Lakini Kisura akifika hatua kumi kabla ya maji, anapiga breki. Masikio mbele, miguu minne ardhini kama nguzo za umeme. Ukimvuta, anaegemea nyuma. Ukimpiga, anafumba macho anapokea. Wapita njia wakawa wanatoa maneno yale yale ya siku zote, mara fadhila za punda ni mateke, mara punda ni punda tu. Majirani wakaanza kutuita sarakasi.

Mwezi wa tisa ukaisha, mjomba anabeba mabua kichwani, mtu wa miaka sitini na kitu. Siku hiyo nikamkuta amekaa na jamaa mmoja mgeni, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, wanaongea chini chini. Nikasikia bei. Jamaa hakuuliza umri wa punda, hakuuliza meno wala kazi. Aliuliza ngozi ina makovu mangapi.

Kama hujui, nikupe. Ngozi ya punda huchemshwa huko China ikatoka gundi inayoitwa ejiao, wenyewe wanaitumia kama dawa na vipodozi. Biashara hiyo ilimaliza punda sehemu nyingi za Afrika mpaka Februari 2024, pale Addis Ababa, viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuipiga marufuku bara zima kwa miaka 15. Marufuku ipo. Na jamaa wa kofia naye yupo, anakuja giza likiingia.

Alipoondoka kwenda kutafuta hela, nikamfuata mjomba bandani.

"Mjomba, usimuuze."

"Nimle nini sasa? Nimlishe bure?"

"Mjomba, zile mbao hazikuwa na kosa. Ni mimi. Nilipakia safari mbili kwa moja."

Akanyamaza muda mrefu. Nilitegemea kofi, na kofi nilikuwa nalihitaji. Akasema tu, "Nilijua. Mabua niliyahesabu." Halafu akaokota jembe. "Mwezi mmoja, mjomba. Akivuka, wako. Asipovuka, wewe ndiye utamshika kamba siku ya kumtoa."

Nilikuwa hoi. Punda namjulia wapi mimi, mtoto wa mjini? Nikaenda kwa bwana mifugo. Yule bwana hakuuliza habari za daraja kabisa, alianza kumpapasa Kisura mgongoni. Chini ya matandiko ya magunia, pale shingo inapokutana na mgongo, kulikuwa na kidonda kinachotoa maji. Kwato za nyuma zimekua mpaka zimepinda. Akaniambia mnyama anayeumwa hafundishiki, tibu kwanza. Na akanieleza jambo nililokuwa silijui: farasi akiogopa anakimbia, punda anasimama. Asili yake ni majangwani, kule anasimama, anatazama, anafikiri. Sisi tunaita ukaidi.

Nikakumbuka mambo ya Tokyo, Agosti 2021, kwenye Olimpiki. Dada mmoja wa Ujerumani, Annika Schleu, alikuwa anaongoza mchezo wa pentathloni, akapewa kwa kura farasi anayeitwa Saint Boy. Farasi akagoma kuruka viunzi. Dada analia, anachapa, dunia nzima inaangalia, na kocha wake akampiga farasi ngumi, akafungiwa. Medali ikayeyuka. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba baada ya Paris 2024 farasi wameondolewa kabisa kwenye mchezo ule. Wakati ule mimi niliangalia kwenye simu ya mshikaji kijiweni, nikacheka mpaka machozi. Wacha wee.

Wiki mbili za kwanza kazi ilikuwa kuosha kidonda na kukata kwato, hakuna mzigo, hakuna fimbo. Wiki ya tatu nikalaza ubao uani, chini kabisa kwenye udongo, na upande wa pili nikaweka maganda ya ndizi. Kisura akaukagua ubao kama askari wa trafiki anayekagua leseni. Nilijifunza kulegeza kamba ili aweze kuinamisha kichwa, maana kilicho chini ya pua yake hakioni vizuri. Ukimkaza kamba kichwa juu, unamwambia aruke gizani. Siku ya pili aliupita. Nikachimba kijifereji cha upana wa kiganja, nikamwagia maji. Akapita. Nikakipanua.

Halafu nikaharibu. Siku ya ishirini nilikuwa na haraka (kila balaa langu linaanzia hapo), nikampeleka mfereji mkubwa, akasimama, nikamvuta. Mara moja tu, kwa nguvu. Jioni ile alikataa hata ule ubao wa uani. Siku nne nikarudi mwanzo, maganda ya ndizi mkononi, mtu mzima nalialia kwa punda.

Jirani ana punda mzee, dume lisilo na neno. Siku ya ishirini na saba nikaliazima. Likavuka daraja mbele yetu, tena bila kutazama, likasimama ng'ambo kula majani. Kisura akafika zile hatua kumi, akasimama. Nikasimama ubavuni mwake, kamba imelegea. Hatukufanya kitu. Watoto wa shule wakapita, wakacheka, wakachoka wenyewe wakaenda. Akasogea hatua tatu. Akainama, akanusa mbao, akapumua kwa nguvu, akageuza kichwa. Nikajua basi, imekula kwangu.

Kumbe mwenzangu anapima. Akashuka pembeni ya daraja, pale mfereji unapobana, akajikunja, akaruka! Akaruka kama mbuzi, mwanawane! Kamba nilikuwa nimeizungusha mkononi, jambo ambalo bwana mifugo alinikataza, nikaenda nayo, nikatua kifudifudi kwenye maji. Nilipoinua uso Kisura alikuwa ng'ambo, anakula majani na mwenzake.

Mjomba aliona yote kutoka migombani. Hakunisifu. Alisema, "Kavaa nguo kavu, halafu kachukue mabua. Nusu mzigo."

Jamaa wa kofia alirudi wiki iliyofuata na hela. Mjomba alimkaribisha mbege, wakanywa, akamsindikiza mpaka barabarani, mikono mitupu.

Daraja lenyewe Kisura hajalikanyaga mpaka leo, na nimeacha kumwomba. Anashuka pale pale pembeni, anaruka, mzigo nusu, safari mbili. Jumamosi hii napanda tena Uru. Kama kuna msichana wa Pasua anasoma hapa, ajue sitokuwepo mjini hadi usiku.