Tone Lisidharauliwe

Ndugu msomaji, pengine umekwisha kuisikia ile kauli ya mzaha ambayo wenye Land Rover huambiana tangu zamani: gari likiacha kuvuja, basi ujue oili imekwisha. Watu hucheka, kisha hupanda gari na kuondoka. Mzaha huo haudhuru kwa kuchekesha. Unadhuru kwa sababu humzoeza mwenye gari lile tone analoliona chini ya gari lake kila asubuhi, kama mtu anavyozoea kikohozi cha muda mrefu hadi siku anapotema damu.

Kaka yangu mkubwa na mkewe wanaishi Morogoro. Mali yao kubwa ni Defender 110 iliyokwisha kuona miaka mingi, wanayoitumia kuteremsha mboga kutoka milima ya Mgeta. Ada za watoto, kodi ya nyumba na dawa za mama yetu hutoka katika gari hilo. Kwa zaidi ya mwaka mmoja lilikuwa likidondosha oili katikati ya tumbo lake. Gereji moja ilibadilisha sili mara mbili, ikapokea fedha mara mbili, na mara zote mbili tone likarudi. Mwishowe wakaambiwa kwamba hilo ni jasho tu.

Siku moja, wakipakia kabichi mtelemkoni, breki ya mkono ilishindwa kushika. Gari lilianza kurudi nyuma polepole, bila dereva, na shemeji yangu alikuwa amesimama nyuma yake akihesabu magunia. Utingo alikuwa mwepesi. Alisukumiza jiwe chini ya gurudumu. Hakuna aliyeumia. Lakini utauliza, ndugu msomaji, tone la oili na breki ya mkono vinahusiana vipi?

Vinahusiana sana. Nyuma ya gia boksi ya gari la namna hii ipo gia boksi nyingine ndogo, ambayo mafundi wetu huiita transfa. Kazi yake ni kuigawa nguvu ya injini baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Transfa ya Defender ya kaka yangu ni ya aina ile iliyoanza kutumika katika Land Rover 110 mwaka 1983, na aina hiyo iliendelea kutumika hadi Defender ya mtindo wa zamani ilipokoma kuundwa mwaka 2016. Ndani yake mna oili nzito ya gia, lita mbili na ushei tu. Sasa, breki ya mkono ya gari hili haipo kwenye magurudumu kama ilivyo katika magari mengi madogo. Drami yake imefungwa nyuma ya transfa, pale inapoanzia propela ya nyuma. Sili ya mahali hapo ikichoka, oili hurukia ndani ya drami na kulowesha lainingi. Breki iliyolowa oili haishiki.

Baada ya tukio lile kaka yangu alimtafuta fundi mmoja mzee, nami nilikuwapo likizoni, nikakaa juu ya ndoo na kutazama. Nilidhani ataanza na spana. La hasha! Alianza na mawe. Aliweka jiwe mbele na nyuma ya magurudumu, akisema kwamba katika gari hili ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, au ukifungua propela ya nyuma, breki ya mkono haizuii kitu tena hata kama ni nzima. Anayeingia uvunguni pasipo kuzuia magurudumu kwa mawe au magogo ameweka roho yake rehani.

Kisha alichovya kidole katika tone na kulinusa. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi tititi. Oili ya gia ina harufu kali ya salfa, inayokaribia yai viza. Hii ilikuwa ya gia. Akaisafisha transfa yote kwa brashi na mafuta ya taa, akaikausha kwa kitambaa, kisha akamwomba shemeji poda ya mtoto. Sisi tukatazamana. Aliipulizia poda ile juu ya transfa hadi ikawa nyeupe, akatuma gari liendeshwe kama robo saa, na liliporudi akaingia tena chini na tochi. Oili hutiririka kwenda chini na upepo huisukuma kwenda nyuma. Kwa hiyo mahali inapodondokea aghalabu si mahali inapotokea. Juu ya poda nyeupe njia yake huonekana kama mchirizi wa mvua ukutani. Mchirizi ule ulianzia kwenye sili ya nyuma.

Wengi wangeishia hapo na kununua sili ya tatu. Mzee yule alikwenda kukagua mambo mawili zaidi. La kwanza lilikuwa kipumulio. Transfa ikipata moto, hewa iliyomo ndani hutanuka, na kuna kijibomba chembamba cha kuitolea nje. Cha gari letu kilikuwa kimezibwa na matope makavu. Hewa ikikosa njia husukuma oili, na oili hutokea penye udhaifu, hata kama sili ni mpya. La pili lilikuwa flenji, kile kipande ambacho mdomo wa sili hukumbatia. Alipokichomoa alinipa nikipapase kwa ukucha, nami nikahisi mfereji uliolika kukizunguka. Sili mpya juu ya mfereji ule ingevuja baada ya muda mfupi. Hiyo ndiyo siri ya fedha zilizolipwa mara mbili.

Kipumulio kilizibuliwa, flenji ikabadilishwa, na sili mpya ikapakwa oili mdomoni na kupigwa taratibu hadi ikakaa sawasawa pande zote. Lainingi zilizolowa zilitupwa. Hakukubali kuziosha kwa petroli, maana oili iliyokwisha kunywewa hutoka tena breki ikipata moto. Kuhusu oili alitoa fundisho moja ambalo ningependa kila mwenye gari alishike: fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Ukimwaga yote kisha ukakuta nati ya kujazia imeganda, gari lako limefungwa hapo hapo. Alijaza mpaka oili ikaanza kuchuruzika katika tundu la kujazia, gari likiwa mahali tambarare, akafunga. Oili chafu ilitiwa katika dumu, haikumwagwa mtaroni.

Kazi ile ilichukua siku moja. Gharama ya vipuri vyote ilikuwa chini ya ile iliyolipwa gerejini kwa mara zile mbili. Nalisema hili si kwa kuwadharau mafundi, maana wapo wengi walio hodari na waaminifu. Nalisema kwa ajili ya wewe unayelipa. Unao uwezo wa kumwuliza fundi wako maswali matatu kabla hajashika spana: Umejuaje kwamba oili inatokea hapo? Kipumulio kimezibuka? Flenji imelika? Fundi mwema hatakasirika. Atafurahi kwamba unajali.

Kuna jambo jingine lililo dogo zaidi. Leo jioni, ukisha kuegesha gari, tandika kipande cha boksi chini yake. Asubuhi kitazame. Tone moja likionekana, lipe tarehe. Wiki ijayo tazama kama yamekuwa matatu. Lita mbili na ushei si akiba kubwa, na transfa isiyo na oili husagika kimya kimya mpaka siku inapolia, na siku hiyo bei yake si ya sili tena.

Haba na haba hujaza kibaba, nasi tumezoea kuutumia usemi huo tunapoweka akiba. Tukumbuke kwamba kibaba huweza pia kumwagika vivyo hivyo, tone kwa tone, wakati wenye nyumba wamelala.