Bwawa Lililopungua

Maji hayana mfupa. Uyape nafasi nyembamba kama unywele, nayo yataitumia usiku na mchana, bila ya haraka na bila ya kupumzika. Mabwana wa kale wa pwani yetu walilijua jambo hili vyema. Kule Kilwa Kisiwani, katika magofu ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa katika karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mpaka leo waweza kuona bwawa la kuogelea lenye pembe nane. Waashi wake walijenga kwa mawe ya matumbawe na kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo. Hawakuwa na pampu ya umeme, wala taa ya kuwaka ndani ya maji. Bwawa la nyumba ya leo lina pampu, chujio, mabomba yaliyofukiwa ardhini na taa zilizopachikwa ukutani. Kila kimoja cha hivi ni mlango, na mlango mmoja ukilegea, maji huenda zake.

Mjomba wangu ana bwawa la namna hiyo nyumbani kwake Nyali, Mombasa. Urefu wake ni mita 10 na upana mita 5. Kama ni haki mtu mmoja kumiliki bwawa katika mji ambao watu wengi hununua maji kwa jerikeni kutoka kwa wasukuma mikokoteni, ni swali zuri, nami nilipata kumwuliza mjomba. Alicheka, akaniambia nioge kwanza, kisha nihukumu. Lakini bwawa likiwapo na likavuja, hasara si yake peke yake. Sehemu ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo Magharibi, na husafiri ndani ya bomba zaidi ya kilomita 200 kabla ya kufika mjini. Kuyasafirisha umbali huo ili yazame mchangani ni jambo la kusikitisha.

Mwaka mmoja, katika miezi ya kaskazi, nilikwenda kukaa kwa mjomba mwezi mzima. Nilikuta nyumba ina huzuni. Bwawa lilikuwa likipungua kila siku, na hati ya malipo ya maji ilikuwa imepanda kupita kiasi. Mjomba alikuwa amekwisha kata shauri juu ya sababu yake. Nyuma ya nyumba kuna lango dogo, na ufunguo wake ulikuwa kwa mtunza bustani, mzee wa makamo kutoka Kwale. Usiku, mikokoteni ya maji hupita katika njia ile. Mjomba aliviunganisha vitu vitatu hivi, lango, ufunguo na mikokoteni, akapata mwizi. Alimnyang'anya mzee ufunguo, akamzuilia nusu ya mshahara wake, na akamwambia kuwa mwisho wa mwezi ataondoka.

Mzee yule hakupiga kelele. Aliniambia maneno machache tu, akiwa anafagia majani: "Mwanangu, nimekaa hapa miaka tisa. Kama nauza maji, mbona mwanangu amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo?"

Nilimwomba mjomba anipe nafasi ya kupima. Alikubali, nadhani kwa kunifurahisha, maana alikuwa na hakika ya jambo lake.

Sasa nisikilize kwa makini, msomaji, kwa kuwa upimaji huu hauhitaji chombo kisichopatikana nyumbani kwenu. Bwawa lo lote hupungua hata kama halivuji, kwani jua na upepo huyachukua maji yakawa mvuke. Swali la kwanza, basi, ni kiasi gani cha upungufu ni cha jua. Nilichukua ndoo, nikaijaza maji ya bwawa, nikaitia jiwe ili isielee, nikaisimamisha juu ya kidato cha bwawa, maji ya ndani yakiwa sawasawa na maji ya nje. Nikatia alama ya kalamu ndani ya ndoo na alama nyingine ukutani mwa bwawa. Jua lile lile, upepo ule ule. Baada ya saa 24 ndoo ilikuwa imepungua yapata nusu sentimita. Bwawa lilikuwa limepungua sentimita tatu.

Tofauti ya sentimita mbili na nusu yaweza kuonekana ndogo mpaka uipigie hesabu. Sentimita moja katika bwawa la mita 10 kwa mita 5 ni lita 500, yaani jerikeni 25 za lita 20. Kwa siku, basi, zilikuwa zikitoweka jerikeni 62 na nusu. Mjomba alipoiona hesabu alipiga meza. "Sikukwambia? Huo ni mzigo wa mikokoteni kadhaa!"

Ni kweli kwamba ndoo haiwezi kumtenga mwizi na ufa. Kwa hiyo nilipima tena, safari hii kila baada ya saa sita, usiku na mchana, lango likiwa limefungwa na ufunguo umo mfukoni mwa mjomba mwenyewe. Kila mara, baada ya kutoa fungu la jua, upungufu ulikuwa karibu sawa: asubuhi, adhuhuri, jioni na usiku wa manane. Mwizi huenda kwa nafasi yake. Hana mwendo wa namna hiyo. Mjomba aliitazama karatasi yangu kwa muda mrefu, akasema tu, "Endelea."

Tuliizima pampu siku nzima, upungufu ukabaki vile vile. Hivyo bomba la kurudisha maji kutoka kwenye pampu likaachiliwa. Kisha tukaugeukia ufa mmoja uliokuwa ukutani, ambao kila aliyeingia katika nyumba ile aliunyoshea kidole. Niliingia majini nikiwa na bomba dogo la sindano lililojaa rangi nyekundu ya chakula, nikasubiri maji yatulie, nikadondosha rangi mbele ya ufa. Kama ufa unavuja, rangi hunyonywa ndani. Ile yangu ilining'inia mahali pale kama moshi usiokuwa na upepo. Ufa ule ulikuwa wa lipu ya juu tu, hauna hatia yo yote.

Fundi mmoja alishauri tulikaushe bwawa lote. Mjomba alikataa, na nafurahi kwamba alikataa. Palipo karibu na bahari maji ya ardhini huweza kuwa juu, na bwawa tupu lililozungukwa na maji chini ya ardhi huweza kusukumwa juu kama mtumbwi na kupasuka. Tukachagua njia ya uvumilivu: kuyaacha maji yashuke yenyewe, tuone yatasimama wapi. Mkaza mjomba alinung'unika kwa sababu maji yalianza kuwa ya kijani, na mzee wa bustani akawa anatia dawa kwa mkono kila jioni, ijapokuwa hakuna aliyemwamuru. Kadiri maji yalivyoshuka, ndivyo upungufu ulivyokwenda polepole, kwa kuwa uzito wa maji juu ya tundu ulikuwa unapungua. Siku ya kumi na nane bwawa lilianza kupungua sawa na ndoo, wala si zaidi. Maji yalikuwa yamesimama kwenye ukingo wa juu wa kidaka cha taa.

Fundi wa umeme alikata umeme wa nyumba nzima kwanza. Hili usilisahau kamwe, kwani umeme na maji havina msamaha. Akaitoa taa kidakani. Waya wake huingia ukutani kwa bomba jembamba, na mdomo wa bomba hilo, uliopaswa kuzibwa, ulikuwa wazi kuuzunguka waya. Nilipodondosha rangi pale, ilipotea kama iliyoitwa kwa jina. Fundi aliukausha mdomo ule, akauziba kwa gundi ya epoksi inayokandwa kwa vidole, akairudisha taa mahali pake. Kazi yenyewe haikufika saa moja.

Bwawa lilijazwa tena, ndoo ikarudishwa kidatoni kwa siku tatu. Alama mbili zilishuka pamoja.

Jioni ya siku ya tatu mjomba alimwita mzee barazani. Hakutamka neno la radhi. Watu wa rika lake aghalabu huona neno hilo ni zito mbele ya mtumishi, nami nililiona pengo lake. Aliweka mezani ufunguo wa lango, na juu yake nusu ya mshahara aliyoizuia. Mzee alizihesabu fedha mara mbili, noti moja moja, mjomba akitazama. Kisha akauchukua ufunguo, akaomba ruhusa ya siku mbili aende Kwale akamrudishe mwanawe shule.

"Tatu," akasema mjomba.